Kato Aliyebaki Ndani

Annastella alikuwa na mdomo. Tuliweke hilo wazi mapema, maana huko mbele mtamkuta amekaa kimya kama mtu aliyemwagiwa maji, mkadhani ndivyo alivyozaliwa. Thubutu! Alizaliwa Maruku, baba yake kibarua kwenye kituo cha utafiti wa migomba na kahawa, na shuleni walimu walimhamisha dawati mpaka madawati yakaisha. Kwao walikuwa Walutheri, naye akaimba kwaya, sauti ya kwanza. Alipochumbiwa na Mkatoliki wa Muleba akaenda mafundisho, na katekista alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuchoshwa vile na mtu mmoja. Kila fundisho lilikuwa na swali, na kila jibu lilizaa swali jingine.

Mume alikuwa Philbert Rutaihwa, wa kijiji kisicho mbali na Rubya. Mtu mpole, mkulima hodari, ila ukimwuliza neno, hata la bei ya chumvi, macho yake huenda kwanza kwa mama yake. Mama huyo ni Kemilembe. Aliishi kwenye nyumba yake ndogo ndani ya kibanja hichohicho cha mwanawe, katikati ya migomba na mibuni iliyopandwa na wazee wa ukoo, na wazee wenyewe wamezikwa humohumo. Majirani walisubiri vita kati ya mkwe mwenye mdomo na mama mwenye mwana mtiifu. Wakasubiri sana! Wale wawili walipendana, kwa namna yao ya kubishana kutwa nzima. Walibishania ndizi za kupika, wakabishania nyasi za kutandika sakafuni, wakabishania nani kaanika kahawa vibaya. Jioni unawakuta wamekaa bega kwa bega wanatafuna kamwani, ile kahawa kavu, kutoka kikapu kimoja. Annastella alimwita Mae, mama, kama alivyomwita aliyemzaa.

Mtoto wa kwanza alikuwa Judica, msichana. Baada ya Judica, kimya. Miaka ikaja, miaka ikaenda, Judica akaanza shule na kujaza madaftari chungu nzima, na mdogo wake haonekani. Kijijini watu hawakosi la kusema. Annastella aliwajibu wote, mmoja mmoja, na waliojibiwa hawakurudia. Lakini chumbani alikuwa analia. Philbert alijua, na Kemilembe alijua.

Kwa hiyo mimba ilipoingia, nyumba nzima ilipagawa kwa furaha. Na lile tumbo likakua, jamani, likakua upesi kupita kiasi. Mimba ya miezi mitatu ukiiangalia ungesema ni ya sita. Na kutapika! Asubuhi anatapika, mchana anatapika, hata harufu ya ndizi mbichi ikimenywa inamtoa mbio. Mtu mwingine angeingiwa na hofu. Kemilembe alipiga makofi.

"Mapacha hao," alisema. "Tumbo la mapacha nalijua. Nimelibeba."

Na alilibeba kweli. Hapa tusimame kidogo, maana bila jambo hili mtamwona mama huyu mjinga, naye hakuwa mjinga hata chembe. Kwa Wahaya pacha wa kwanza huitwa Ishengoma, wa pili Kato. Zamani, Kemilembe alipojifungulia nyumbani, Ishengoma alitoka amekufa. Wanawake waliomzalisha wakamfunika mtoto, wakamkanda mama, wakaanza kulia. Kemilembe akawaambia bado kuna mtu ndani. Wakamwambia nyamaza, ni majonzi hayo. Akawaambia tena, wakamwambia nyamaza tena. Ishengoma akazikwa kibanjani, watu wakaanza kutawanyika, ndipo Kato akatoka, mzima, analia kwa hasira. Kato huyo ndiye Philbert. Basi katika mambo yote ya dunia hii, Kemilembe alikuwa na hakika na moja: watu wanaweza kuzika, wakanawa mikono, wakaenda zao, na mtoto akawa bado yumo.

Damu ilianza kumtoka Annastella msimu wa kuchuma kahawa. Kwanza matone, kisha damu hasa. Philbert akampeleka hospitali. Daktari Mugisha, kijana mtaratibu asiyependa kupandisha sauti, akampaka ule ute wa baridi tumboni na kuanza kupitisha mashine, macho kwenye skrini.

"Wako wangapi, daktari?" aliuliza Annastella.

Daktari hakujibu. Akapitisha tena mashine, polepole, upande huu na upande ule. Annastella alikuwa amezoea maswali yake kujibiwa, hata kwa matusi.

"Mama Judica," alisema daktari mwishoni, "hakuna mtoto. Hii tunaiita mimba zabibu. Ilitungwa vibaya tangu siku ya kwanza. Kondo la nyuma limeota peke yake, limejaa vifuko vya maji, ukiviona utasema zabibu. Lakini mtoto hakuwahi kuwepo."

"Hakuwahi?"

"Hakuwahi. Na si kosa lako, si kosa la mumeo, wala hakuna mtu aliyekufanyia kitu. Hutokea. Ila lazima tuitoe leo, maana damu inakuishia."

Wakamsafisha kwa mashine ya kuvuta. Kipande kidogo kikatiwa kwenye chupa ya dawa ili kipelekwe maabara Mwanza. Kilichobaki, Kemilembe alikitaka. Alisimama mlangoni amejifunga vitenge viwili, mikono mbele, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

"Daktari waitu, mheshimiwa wetu, mtu wetu hatupwi hospitali. Ana kwao."

Sista Agnetha, mkunga wa siku nyingi wa pale, akamtazama daktari. Daktari akatazama chini. Wakampa, kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kabla hawajaondoka daktari aliwaketisha, akasema mambo mawili, na akayarudia. La kwanza, Annastella arudi kila wiki apimwe damu, mpaka homoni ya mimba iishe kabisa mwilini, kwa sababu mabaki hata kidogo yanaweza kuota upya na kugeuka saratani. La pili, asishike mimba nyingine mwaka mzima, maana mimba mpya itaficha ugonjwa. Annastella alisikia nusu, sikio lake jingine lilikuwa kwenye ile ndoo. Philbert alisikia yote. Kisha akamtazama mama yake.

Wakazika. Walikifunga kwenye kitenge kipya, wakakilaza kwenye shimo dogo nyuma ya nyumba, pembeni ya babu yake Philbert, wakasali rozari. Kemilembe akakiita Ishengoma. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ukiniuliza mimi. Daktari amesema hakuwahi kuwepo mtu, na wewe umempa jina, umempa kaburi, umempa majirani wa kuja kumpa pole mama yake. Sasa nani tena atamtoa?

Kupima damu kila wiki? Nani aende? Mama aliyezika hatoki nyumbani kwenda kutobolewa mkono. Wiki ikapita, na nyingine, na Annastella alikaa ndani anatazama ukuta. Lakini kichefuchefu hakikuisha. Matiti yakaendelea kumuuma. Tumbo lilipungua, ndiyo, ila halikukubali kwisha. Siku moja Kemilembe akaja, akaketi kitandani, akamwekea kiganja chini ya kitovu na kufumba macho.

"Hawajatoka wote," alisema. "Ametoka Ishengoma. Kato amebaki ndani."

Annastella tunayemjua angecheka mpaka majirani wasikie. Angemwuliza, Mae, na ile mashine ilipita wapi, ilimkwepa? Hakucheka. Alimtaka mtoto yule kwa hamu ambayo haikumwachia nafasi ya kicheko. Akamtuma Philbert duka la dawa Muleba mjini kununua kipimo cha mkojo. Wakakitazama wote watatu, vichwa vimegusana, na ile mistari ikatokea, wa kwanza, halafu wa pili. Mistari miwili, imekolea! Kipimo cha dukani hakijui habari za Kemilembe na mapacha wake, nacho kimesema yumo. Philbert alipiga magoti palepale sakafuni.

"Msimwambie mtu," Kemilembe alisema. "Na hospitali msikanyage. Ishengoma walimvuta kwa mashine. Wakijua mwenzake yupo, watamfuata."

Sista Agnetha alipiga simu. Philbert, ambaye maishani mwake hakuwahi kusema uongo wa maana, alisema mkewe kaenda Maruku kwa wazazi. Sista akapiga tena, akamwambia majibu ya Mwanza yametoka na ni muhimu waje. Philbert akasema ndiyo, sista, tunakuja. Kisha ile namba ikawa haipokelewi tena.

Sasa nawaambia jinsi Annastella alivyoishi na Kato.

Kibanja chenye migomba iliyoshikana kina giza lake hata jua likiwa utosini. Annastella alikuwa akiinama kupalilia, anasikia mtu anapumua. Pumzi ndogo, yenye mluzi kwa mbali. Akisimama, inakoma. Akiinama, inaanza tena. Siku ya kwanza alitupa jembe akakimbia mpaka uani. Siku ya pili hakukimbia. Alisikiliza. Ni Kato, alijiambia, nani mwingine? Na tangu hapo akawa anamwimbia nyimbo za kwaya za Maruku, sauti ya chini, huku anang'oa magugu, na ile pumzi inamwitikia.

Akamjua tabia. Kato hakupenda moshi. Annastella akikaa jikoni, anamkwaruza kifuani mpaka atoke. Kato hakupenda kilima. Akipanda na ndoo ya maji, anambana mbavu, anataka abebwe taratibu. "Ana kiburi huyu," alimwambia Kemilembe, na wakacheka wote wawili. Kemilembe alianza kupakua ndizi kipande cha ziada kwenye sahani ya mkwewe. Judica aliambiwa asimrukie mama. Philbert alichonga kiti kidogo.

Na ule mdomo? Ulifungwa. Annastella aliacha kujibu watu. Jirani akimchokoza anatabasamu tu, mkono tumboni. Alikuwa anakonda, uso umepauka, mashavu yameingia ndani, na akiulizwa anasema mtoto anakula sana. Watu wakaanza kumwogopa kidogo. Ana macho ya mtu anayesikiliza kitu nyuma yako.

Kikohozi kikaja. Kisha asubuhi moja akakohoa kwenye kitenge, na kitenge kikawa na damu. Alikitazama kwa muda mrefu. Akakifua mwenyewe, akakianika nyuma ya nyumba, akajiambia ni koo. Alikuwa anajua si koo. Alijua, na akaogopa kujua, kwa sababu mgonjwa hupelekwa hospitali, na hospitali ndiko wanakovuta watoto kwa mashine. Kati ya kufa na kumtoa Kato, alikuwa ameshachagua kimyakimya, na hakumwambia mtu.

Senene walishuka mwaka huo kwa wingi. Wanawake wakajaa sebuleni kwa Annastella, mabeseni katikati, wananyonyoa mabawa na miguu, soga zinakwenda. Judica alikuwa miongoni mwao, vidole vyepesi. Mmoja akauliza kwa nini mama mwenye nyumba kajitenga pembeni.

"Mama anatema damu," Judica alisema. "Nimemwona anafua. Kila siku."

Mdomo wa mama yake, mnaona? Mikono yote ikasimama juu ya mabeseni.

"Ni jino," Kemilembe alisema upesi. "Jino linamsumbua."

Philbert alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakumtazama mama yake. Alimtazama mkewe, akaviona vile vidole vinavyoficha ncha ya kitenge, akatoka. Aliporudi alikuwa na pikipiki na dereva wake, akamnyanyua Annastella kama mtoto na kumketisha katikati.

"Mama Judica! Ulikuwa wapi, mwanangu?" Sista Agnetha alisema alipomwona akiingia hospitalini, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshamshika kiwiko na kumpeleka kwa daktari.

Walimtoa damu, wakampiga picha ya kifua, wakampima tumbo tena kwa ile mashine. Kemilembe alifika mchana, vumbi mpaka magotini, akaingia bila kubisha hodi. Daktari Mugisha hakumfukuza. Aliigeuza skrini ili wote waone.

"Mfuko wa uzazi ni huu. Kuna kivimbe hapa, na damu nyingi inakizunguka. Mtoto hayupo."

"Anajificha," Kemilembe alisema. "Huyu Philbert naye alijificha. Tulishamzika mwenzake. Waliniambia nyamaza, na mimi nilikuwa namjua."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lazima tumsifu, maana wapo ambao wangemkata.

"Bibi, siku ile ningekuwepo mimi, ningekuamini wewe. Philbert alikuwa na moyo unadunda. Hapa nimeutafuta moyo mara ya kwanza na ya pili. Unaodunda ni wa Mama Judica peke yake."

"Na kipimo?" Annastella aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya miezi. "Mistari miwili, daktari. Imekolea."

"Kipimo hakimwoni mtoto. Kinatambua homoni inayotoka kwenye kondo. Kondo likiwepo, hata bila mtoto, kitasema ndiyo. Yale mabaki niliyowaonya ndiyo yameota. Majibu ya Mwanza yalisema tukufuatilie kwa karibu. Sasa imekuwa saratani, na imesafiri kwa damu."

Akaiweka ile picha ya kifua kwenye taa. Mbavu, moyo, na ndani ya mapafu mabaka meupe ya mviringo, moja hapa, jingine pale, mengine chini.

"Hivi ni nini?" Annastella aliuliza.

"Ni hilohilo kondo. Ndilo linalokukohoza. Ukiinama au ukipanda mlima linakubana, unapumua kwa mluzi."

Annastella aliitazama picha. Ile pumzi kibanjani. Yule asiyependa moshi, yule wa kubebwa taratibu. Miezi yote alikuwa ameinama chini ya migomba anaimba, na kilichomwitikia ni hiki.

"Nimekuwa nikimwimbia," alisema kwa sauti ndogo. Philbert akageukia ukuta.

Daktari akaketi karibu naye, akamweleza yote bila kuficha. Saratani hii ni ya aina inayosikia dawa, wengi wanapona hata ikiwa imefika mapafuni, na mfuko wa uzazi mara nyingi unabaki salama. Dawa iko Mwanza, ni ya sindano, kwa miezi. Asipoipata atakufa, na si baada ya miaka. "Na nikwambie jambo moja uamue ukijua," aliongeza. "Dawa hii kama kungekuwa na mtoto tumboni, ingemuua. Ndiyo maana nimetafuta mara mbili."

Kemilembe akasimama wima.

"Umesikia? Amesema kwa kinywa chake! Itamuua. Ukikubali, Annastella, umemuua mwanao kwa mkono wako mwenyewe."

Annastella alikuwa bado anatazama picha, anayahesabu yale mabaka kwa macho, anarudia. Kisha mdomo wake ukarudi, siku mbaya kuliko zote.

"Mae, Kato anafanya nini kwenye mapafu yangu?"

Kemilembe aliikwepa ile picha kwa macho.

"Nijibu, Mae. Kama ni yeye, yupi kati ya hawa? Huyu? Au huyu wa chini? Nilimtaka mimi, nilimtaka kuliko wewe, nilikuwa tayari kufa naye na nikakuficha. Lakini huyu si mtoto. Mtoto niliye naye anaitwa Judica, na yeye ndiye aliyesema ukweli nyumba nzima ikiwa imefunga kinywa. Nitakwenda Mwanza."

Mama mkwe alijifunga vitenge vyake upya, taratibu.

"Ukichomwa hiyo sindano," alisema, "usinipigie simu."

Akatoka. Philbert aliutazama mlango aliopitia mama yake. Akautazama sana. Halafu akamwinamia mkewe na kumfunga kamba za viatu, kwa sababu Annastella alikuwa hawezi kuinama bila kukohoa.

Wakavuka ziwa. Mwanza alichomwa sindano kwa awamu, anachomwa, anapumzishwa, anachomwa tena. Mdomo ukajaa vidonda. Yeye, Annastella wa maswali, akawa anaomba maji kwa vidole. Kila awamu walimpima damu, na namba ya ile homoni, iliyokuwa na tarakimu nyingi kama namba ya simu, ikaanza kushuka. Madaktari walifurahi. Manesi walimshika mabega, wakamwambia hongera, mama, imeshuka tena.

Hakuna aliyemwambia kwamba kupona kungekuwa hivi. Kikohozi kilipungua. Ule mluzi ukawa mdogo, mdogo zaidi. Alikuwa akisimama koridoni watu wakipita, anainama kama anayetafuta kitu sakafuni, anasikiliza. Akili yake ilijua ni nini kile, aliiona picha kwa macho yake. Lakini kifua kilikuwa kimezoea kuwa wawili, na sasa kila namba ikishuka alimsikia akienda mbali, hatua kwa hatua, bila kugeuka. Asubuhi moja aliinama na hakusikia kitu chochote. Akabaki ameinama mpaka mtu akamwuliza kama anaumwa mgongo. Hakulia. Tangu siku ya picha hakuwa amelia hata mara moja, na Philbert alikuwa akiogopa jambo hilo kuliko vidonda.

Walipomaliza awamu zote, pamoja na za nyongeza za kuhakikisha ugonjwa haurudi, daktari wa Mwanza alimwita. Damu iko safi, alimwambia. Homoni haionekani tena, na mapafu yanafunguka. Atapimwa kila mwezi kwa mwaka mzima, na safari hii hakuna kukosa, na mwaka huo asishike mimba. Baadaye, akitaka mtoto, anaweza kuzaa.

Annastella akashukuru. Alitoka koridoni, akaketi kwenye benchi, akaomba simu ya Philbert. Akabonyeza namba aliyokatazwa.

Iliita kwa muda. Kisha ikapokelewa, na nyuma akawasikia kuku wa uani kwao.

"Shikamoo, Mae. Ni mimi."

Hakusubiri aitikiwe.

"Nimepona, Mae. Wamepima. Hamna kitu tena."

"Hamna kitu?" Sauti ya Kemilembe ilikuwa imezeeka kuliko alivyoiacha.

"Hamna."

Ndipo Kemilembe akalia. Na si kilio cha furaha, msije mkakosea. Ni kile cha msiba, cha kutoka chini kabisa, kinachowatoa majirani majumbani. Alimlilia Kato kwa jina, akamwuliza ameondokaje bila kuaga, akamwuliza nani atampokea huko, mwenzake katangulia bado mdogo hajui njia. Philbert alikuwa anasikia yote kutoka kwenye simu iliyo sikioni mwa mkewe. Alinyoosha mkono aikate. Annastella akautoa ule mkono.

"Mae," alisema. "Na mimi je? Mimi nipo hai."

Kilio kikakatika.

"Najua, mwanangu," alisema Kemilembe. "Ungekufa wewe, nisingepata hata sauti ya kulia. Njoo nyumbani. Siwezi kumlilia huyu mtoto peke yangu."

Annastella aliiweka simu mapajani, akaufungua ule mdomo wake, na akalia kwa sauti, koridoni, mbele za watu, mikono kichwani, kama aliyepewa taarifa ya msiba sasa hivi. Wagonjwa wakageuka. Nesi aliyekuwa akimchoma sindano alitoka wodini mbio, akachuchumaa mbele yake.

"Mama Judica! Majibu yametoka mabaya?"

"Mazuri, sista," alisema. "Mazuri sana."

Na akaendelea kulia.